Redio Kiziwi ya Mashimoni

Kiti kilikuwa kinamchoma Inspekta Ndunge tangu asubuhi. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi mezani, akaenda tena dirishani, na huko nje hakukuwa na la kuona ila ua wa kituo na kuku wa mke wa koplo. Ilikuwa Jumapili. Kesho yake, mahakama ikifungua tu milango, fundi mmoja wa Kibera angesomewa shtaka la wizi wa mabavu. Shtaka hilo halina dhamana, na mwisho wake ni kitanzi.

Mezani ilikaa redio ya mawasiliano, kuukuu, nzito kama tofali, imefungwa kikaratasi cha kidhibiti. Upande wa pili mlinzi wa kampuni ya ulinzi ya Ngao Imara alikuwa akiandikisha taarifa kwa Konstebo Billy, na kiunoni mwake redio yake ndogo haikufunga mdomo hata dakika moja.

"Kontrol kwa Tango Nne, uko wapi?"

"Tango Nne niko Lavington, over."

Ile ya mezani ilikuwa imewashwa pia. Yenyewe ilisema shhhh, basi.

"Billy, hiyo umeiweka chaneli gani?"

"Ile ile tuliipata nayo, madam. Moja. Ya huyu jamaa pia ni moja."

Ndunge aliinama akatega sikio. Shhhh. Wiki ile majambazi walikuwa wameingia ghala la vitambaa kule Industrial Area, wakampiga risasi mlinzi aliyeitwa Muia, wakaondoka na lori zima. Waliingia mara tu gari la doria la Ngao Imara lilipoitwa kwingine kwa redio. Ilikuwa wazi kama mchana kwamba walikuwa wanaisikiliza kampuni. Na kando ya ua wa ghala waliacha redio hii, ambayo ndani ya kifuniko chake palikwaruzwa herufi mbili: O.O.

Kumpata mwenye herufi hakukuwa kazi. Oluoch Ouma, fundi wa redio wa Mashimoni, kule Kibera, aliposhikwa na kuonyeshwa kile kifuniko, hakungoja hata kuulizwa. "Hiyo ni kazi ya mkono wangu," alisema, na kifua kikamtoka mbele. Ndunge hakuwahi kuona mtu akijipeleka kaburini kwa furaha namna ile.

Mlango ulifunguliwa na mkuu wa kituo akaingia, Afande Kagiri, koti la kanisani begani.

"Ndunge, watu wako kwa Mungu, wewe uko hapa unasikiliza upepo?"

"Afande, kama majambazi walisikiliza kampuni kwa redio hii, mbona haisikii? Hii ya mlinzi inaongea tangu aingie. Yetu ni kimya."

"Imeanguka hiyo. Wewe ukitupwa ukutani utasikia?"

"Nimebadilisha betri."

Kagiri aliitazama redio, kisha akamtazama Ndunge kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kuahidi wakubwa zake kwamba kesi imeiva. "Tuna kidhibiti, tuna mtu, na mtu amekubali ni yake. Kesho anaenda. Usinitafutie maneno."

 Ndunge aliupitisha ufunguo wa seli kidoleni, akamgeukia Billy. "Hiyo redio isitoke humu chumbani. Umesikia?"

"Isitoke, madam. Nimeshika."

Seli ilinuka dawa ya choo. Oluoch alikuwa amekaa chini, mikono yake mirefu ikichezea kifungo cha shati kilicholegea, akikizungusha kushoto, akikizungusha kulia. Hata humo mikono yake haikutulia.

"Hizo redio unazitoa wapi?" aliuliza Ndunge.

"Kwa wauza chuma, madam. Makampuni yakinunua mpya, ya zamani yanatupwa huko. Za teksi, za walinzi, za lori. Mimi nazigeuza."

"Unazigeuza kuwa nini?"

"Za ridhaa. Kuna watu wanaongea kwa redio kwa mapenzi tu. Hawalipwi, hawauzi kitu. Mtu anapanda juu ya nyumba na waya, anasalimia mwenzake wa Kisumu, wa Arusha. Posta inawapa leseni na mahali pao pa kuongea. Redio mpya ni bei ya ng'ombe, kwa hivyo wanakuja kwangu."

"Na ukitaka isikie Ngao Imara?"

Oluoch alicheka kidogo, kama mwalimu aliyeulizwa swali la chekechea. "Nitaisikiza na nini? Zinakuja tupu. Kampuni haiuzi redio na kristali zake. Fundi wao anazing'oa kwanza. Bila kristali, redio ni sanduku."

"Hii ulimuuzia nani?"

"Mzee fulani. Alinipata kwa meza yangu soko la mitumba la Toi, pale karibu na wauza viatu. Alivaa kofia ya ngozi. Hakuuliza inasikia mpaka wapi, hakuuliza waya wa juu, hakuwasha. Alilipa akaenda. Nikasema huyu si mtu wa redio, labda anapelekea kijana wake."

"Jina?"

"Alisema tu anatoka Kawangware."

Mzee mwenye kofia ya ngozi, wa Kawangware. Neno la mshtakiwa, lisilo na shahidi. Ndunge aliujua uso ambao hakimu angeukunja akilisikia. Alifunga seli na kuondoka kwa hatua za mtu anayefukuzwa.

Mashimoni ilikuwa inatoka kanisani. Kwenye kibanda cha maji alipouliza nyumba ya fundi, mama muuza maji aliacha mpira wa maji ukimwagika akamvuta pembeni.

"Mmemshika? Afadhali! Huyo nilimshuku kitambo. Jioni anajifungia anasema namba. Mia moja arobaini na tano, nukta tano, nukta sita… Hizo ni namba za magari wanaiba, madam, na mimi siogopi kusema."

"Umewahi kusikia mtu akimjibu?"

Mama alifikiri. Ukweli ulimshinda. "Hapana. Anajiambia tu peke yake."

Akeyo, mke wa Oluoch, alikuwa bado na kanzu yake nyeupe ya kanisa. Alimfungulia Ndunge bila salamu, akasimama katikati ya chumba kana kwamba polisi wangebeba na ukuta. Nusu ya chumba ilikuwa kitanda, nusu ilikuwa meza ya kazi. Redio tatu zilikuwa wazi, matumbo nje.

"Konstebo wenu walichukua wanachotaka," alisema. "Umekuja kuchukua nini?"

"Nimekuja kuona anavyofanya kazi."

Hilo Akeyo hakulitarajia. Alisogea kidogo. Ndunge aliinamia redio ya kwanza. Ndani kulikuwa na safu ya vijikopo vya bati vya mraba, kila kimoja na tundu juu yake, na kando yake soketi mbili zilizo wazi kama vidonda vya meno.

"Hapo ndipo kristali zinakaa?"

"Ndio. Hiyo hajamaliza. Hii nyingine amemaliza." Akeyo aligusa ya pili. Soketi zake zilikuwa na vipande viwili vya bati vinavyong'aa, na matundu ya vile vijikopo yalikuwa yamezibwa kwa matone meupe, makavu.

Ndunge aligusa tone moja kwa kidole. Siku ile redio ya ghalani ilipoletwa, alifungua kifuniko akaona matone kama hayo, akayadhania grisi.

"Hiki ni nini?"

"Nta. Mshumaa wangu wa stima ikipotea!" Akeyo alisema kwa ukali wa mke aliyeibiwa mara nyingi. "Ndani ya kila kikopo kuna kiini anachokizungusha mpaka redio isikie vizuri. Akishapata, anadondoshea nta, kisisonge tena. Akiweka nta amemaliza. Hata ukimwambia airudie, anakataa, anasema hiyo iko sawa hadi kiama."

"Mafundi wengine wanaweka nta?"

"Wengine wanaweka rangi ya kucha. Wengi hawaweki kitu." Kisha ule ukali ukamtoka ghafla, akakaa kitandani. "Madam, niambie bila kunizungusha. Watamnyonga?"

 Ndunge alimwonea huruma mwanamke yule, na huruma ile ikamwongezea haraka. "Nani anaweza kunieleza hizi redio, mbali na yeye?"

"Kuna mwalimu Kawangware. Eddah. Yeye ana leseni, ndiye humletea wateja. Ukiona nyumba ina mabomba ya alumini juu kama kamba ya nguo iliyoharibika, ni yake."

Mabomba aliyaona kutoka barabarani. Eddah alifundisha fizikia sekondari, na Ndunge alimkuta akisahihisha mitihani, kalamu nyekundu sikioni. Ndunge alikataa chai, akakataa kiti, akaeleza yote akiwa amesimama. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, nataka unieleze kama mtu wa darasa la nne. Kristali inafanya nini?"

"Inaiambia redio isikilize wapi. Kila kampuni ina mahali pake hewani. Ukitia kristali ya Ngao Imara, redio inaelekea Ngao Imara. Ukitia ya ridhaa, inakuja kwetu, mia moja arobaini na tano na nukta zake."

"Na vile vijikopo vyenye nta?"

"Koili. Hayo ndiyo masikio. Kila mahali hewani pana masikio yake. Oluoch akigeuza redio, anabadilisha kristali, halafu anazungusha koili zote polepole mpaka zikubaliane na kristali mpya. Kubadilisha kristali hata wewe unaweza, unachomoa unachomeka. Kazi iko kwa koili."

"Sasa mtu achukue redio ya Oluoch, iliyokwisha kugeuzwa. Achomoe kristali za ridhaa, achomeke za kampuni. Nta asiiguse."

Kalamu ilitoka sikioni. "Itakuwa kiziwi, Inspekta. Inajua pa kusikiliza lakini masikio yako kwingine. Labda asimame mtu na redio nyingine hapo karibu aipigie kelele. Kituo cha kampuni kilicho mjini, kutoka Industrial Area? Haisikii kitu."

Ndunge alianza kutembea, ukuta hadi ukuta. "Kwa hivyo haikutumika usiku ule. Waliosikiliza walikuwa na redio nyingine, nzima. Hii ililetwa ili iokotwe. Aliyeileta hakujisumbua na koili kwa sababu nani hupima kidhibiti? Kidhibiti hukaa tu mezani."

"Ukiipima leo, nta ikiwa haijavunjwa, mtoto wa shule atakuambia haijawahi kusikia Ngao Imara tangu Oluoch aifunge. Nina chombo cha kupimia hapa. Lakini ipimwe mbele ya mashahidi, na kabla mtu hajaigusa. Ikishaguswa hakuna ushahidi tena, ni maneno."

"Chukua chombo chako. Ila kuna jambo moja kwanza. Kristali za Ngao Imara zinaweza kutoka kwa nani?"

"Kwa aliyezing'oa. Fundi wao wa zamani, mzee Waithaka. Aliacha kazi mwaka jana. Ana ploti hapo chini, nyuma ya soko."

"Huvaa kofia?"

"Ya ngozi. Hata kwenye mazishi haivui."

Waithaka alikuwa uani mwake akisimamia vijana wanaochanganya simiti. Nyuma yake vyumba vya mabati vya wapangaji vilijipanga safu mbili, na mbele yake ghorofa ya mawe ilikuwa imefika kiuno. Kofia ya ngozi ilikuwa kichwani. Alimkaribisha Ndunge kwa adabu zote na kumpa kigoda, na Ndunge kwa mara ya kwanza siku ile alikaa, kwa kuwa mtu anayekaa huonekana hana haraka. Eddah alibaki barabarani.

"Ni kuhusu redio za kampuni, mzee. Zile zilizouzwa. Kristali zilienda wapi?"

"Nilizitoa zote, msichana wangu. Nikaziponda kwa nyundo, meneja akiwa amesimama hapo. Ilikuwa sheria."

"Meneja angejua kristali ya Ngao Imara na ya teksi ukimwonyesha?"

Waithaka alitabasamu. "Meneja angejua nini? Bati ni bati."

"Kwa hivyo alikuona ukiponda bati."

Tabasamu lilibaki pale pale, ila macho yakaenda kwa vijana wa simiti. "Ongezeni maji hapo! Mnaniharibia!" Akarudi kwake. "Nyinyi si mmeshika mtu? Nilisikia ni kajamaa ka Kibera. Hao wa kugeuza redio, nilisema siku nyingi wataleta shida."

"Unamjua?"

"Nimjulie wapi?"

"Hujawahi kununua kitu Toi?"

"Nguo zangu nanunua dukani, madam."

Ndunge alitikisa kichwa kama aliyeridhika. Akapangusa vumbi gotini, akainuka, na akiwa tayari amempa mgongo alisema kwa uvivu, "Basi. Ni vile tu tulitaka mtu wa kampuni atwambie ile redio tuliyookota ni nzima kiasi gani. Inasikia sana. Tangu asubuhi tunawasikiza walinzi wenu pale ofisini, mpaka wa Lavington."

"Haiwezekani."

Lilimtoka kabla hajalizuia. Ndunge aligeuka polepole. Mzee alikuwa amesimama na mkono hewani, na lilikuwa si neno la mwongo aliyebanwa. Lilikuwa neno la fundi aliyesikia upuuzi.

"Haiwezekani kwa nini, mzee?"

"Maanake… nilisikia ilianguka."

"Ulisikia kwa nani? Hatukusema popote ilianguka."

Kijasho chembamba kilimtoka chini ya kofia. Hakuivua. Alisema ana kazi, simiti haingoji, na kama polisi wanataka maneno zaidi waje na karatasi. Ndunge alimtakia Jumapili njema. Alitoka langoni akitembea, na alipoipita kona alikimbia, Eddah nyuma yake na chombo chake kimefungwa kwenye leso kama mtoto.

Njia nzima Ndunge alikuwa akihesabu mashahidi: Billy, mlinzi wa Ngao Imara akipatikana, Afande Kagiri mwenyewe. Wampime huyu kiziwi mezani pale pale, waandike, watie sahihi, na kesho mwendesha mashtaka apewe karatasi badala ya mtu. Baada ya hapo ndipo apekue nyumba ya Waithaka. Alihisi furaha inamjia, akaikataza. Haikukubali kukatazwa.

Kwenye ukumbi wa kituo alisikia sauti.

"Kontrol kwa Tango Saba, Tango Saba ingia."

Sauti safi, nzito, ya mtu aliye chumba cha pili. Yule mlinzi amerudi, Ndunge alijiambia. Lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kuongeza mwendo.

Mlinzi hakuwapo. Kwenye kiti cha Ndunge alikaa Oluoch, pingu ikining'inia mkono mmoja, redio imefunguliwa mbele yake. Kidoleni alikuwa na kalamu ya plastiki aliyoichonga kwa meno ikawa bisibisi. Mezani kulitapakaa vumbi jeupe la nta. Afande Kagiri alisimama juu yake, mikono kifuani, amefurahi.

"Ndunge! Swali lako la asubuhi lilinisumbua mpaka kanisani. Nikasema, hakimu naye akiuliza? Ya nini kuaibishwa na redio bubu, na fundi tunaye hapa hapa seli?"

"Tango Saba nimekupata, over," ilisema redio.

Ndunge alimtazama Billy. Konstebo alikuwa amejibanza kando ya kabati. "Ulisema isitoke chumbani, madam. Haijatoka. Yeye ndiye ameletwa."

"Kesho na mapema," Kagiri alisema, akalichukua koti lake. "Na hicho kidhibiti kiwe kimechajiwa." Akaenda zake akipiga mluzi.

Eddah alikuwa mlangoni. Alitupa jicho moja kwenye koili, akaweka chombo chake chini bila kukifungua.

"Billy, ngoja nje," alisema Ndunge. Mlango ulipofungwa aliinama mbele ya Oluoch. Uso wa fundi uling'aa.

"Ilikuwa imeharibiwa vibaya, madam! Mtu ametia kristali za kampuni, halafu koili ameziacha vile nilizifunga mimi, na nta yangu juu. Fundi gani mjinga hivyo? Nikazungusha nikifuata sauti tu, hivi, hivi. Saa hii inasikia mpaka Thika."

"Kabla hujaigusa ilisikia nini?"

"Hakuna. Kiziwi kabisa. Haingesikia kampuni hata—"

 Ndunge alimwona akiufikia ukweli. Alifika polepole, kikopo kwa kikopo, na mwanga ulimtoka usoni kidogo kidogo hadi ukaisha.

"Haingeisikia kampuni," alirudia, kwa sauti nyingine. "Hata usiku ule."

"Hapana."

"Hiyo ndiyo ilikuwa inanitoa."

"Ndiyo hiyo, Oluoch. Peke yake."

Aliitazama mikono yake. "Afande alisema nikiitengeneza atawaambia kotini mimi ni mtu wa kazi, si mwizi. Lakini hata si hilo, madam. Waliniwekea hapa mbele, imefunguliwa, na haiongei. Ningefanya aje?"

 Redio ilimuuliza Tango Nne kama amekula.

Kisha Oluoch alisogea mbele, sauti ikashuka. "Naweza kuirudisha. Najua kila kiini kilikuwa wapi, mkono unakumbuka. Nta ni hii, nitaiyeyusha na kiberiti. Mwalimu apime, atakuta kiziwi. Si uongo, madam! Si ilikuwa kiziwi? Tutakuwa tumesema tu ukweli."

Ndunge alimtazama Eddah, na Eddah akatazama sakafu. Mlango ulikuwa umefungwa. Billy hakujua koili ni nini, na Kagiri alikuwa njiani kwenda kula. Ndunge alitamani kusema ndiyo. Alitamani sana, kwa sababu kila neno alilolisema mtu huyu lilikuwa kweli, na kwa sababu moyoni alimwona Akeyo na kanzu yake nyeupe ameketi kitandani. Lakini kidhibiti kilichopikwa na polisi ni kilichopikwa, hata kama kimepikwa kifanane na haki. Wakili wa Waithaka angekinusa, na siku hiyo wangepotea wote wawili, Oluoch na ukweli wake.

"Nipe kalamu," alisema.

"Madam."

"Nipe, Oluoch. Nina Waithaka. Nitapekua nyumba yake, nitatafuta kristali, nitatafuta redio waliyotumia. Nitapigana."

"Kesho ni kesho."

"Najua."

Oluoch aliizungusha mara moja, kisha akamwekea kiganjani. Ilikuwa na joto la mkono wake. Ndunge aliitia mfukoni, akamfunga pingu ya pili yeye mwenyewe.

"Billy! Mrudishe."

Oluoch alienda bila kusukumwa. Redio iliendelea kuita, Tango hii, Tango ile, sauti safi kuliko ya mlinzi asubuhi. Kwenye kizingiti fundi alisimama akageuka, akamtazama Ndunge, akaitazama meza.

"Izimeni basi," alisema. "Mtamaliza betri."